Jina Kabla ya Sindano

Kojani haifikiki kwa gari. Barabara inayotoka Chake Chake kuelekea kaskazini mwa Pemba hupanda na kushuka vilima vya mikarafuu, kisha tawi lake la mashariki huishia kwenye mikoko. Hapo msafiri hukunja suruali, akashika viatu mkononi na kungoja dau. Ng'ambo ya mkondo mwembamba nyumba za kisiwa zimebanana ukuta kwa ukuta hadi ukingoni mwa maji. Nilisimama hapo asubuhi moja ya mwezi wa Shaaban, pamoja na muuguzi mwenye boksi la plastiki la kuhifadhia baridi. Ndani yake mlikuwa na vifuko vya barafu vilivyoviringwa kwenye taulo, kishikio cha chupa za damu, na fomu ndani ya mfuko usioingia maji. Kisanduku cha njano cha kutupia sindano hakukitia humo. Alikishika mkono wa pili, mbali na boksi.

Nilikuwa nimekuja kufuata damu. Nilipomwambia hivyo jirani yangu kwenye meli ya kutoka Unguja kuja Mkoani, alinitazama vibaya, na sikumlaumu. Pwani yetu ina kumbukumbu ndefu ya mumiani. Enzi za ukoloni, kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam, watu walihadithiana kwamba wazimamoto na magari yao mekundu hukamata wapita njia usiku na kuwakausha damu. Hadithi haikuwa ya kweli, lakini kilichoipa nguvu kilikuwa kweli kabisa: mgeni anakuja na sindano, anajaza chupa, anaondoka nazo, na mwenye damu hasikii tena habari yake. Nikamweleza jirani yangu kuwa nataka kuiona damu ikitoka mkononi mwa mtu, ivuke maji, ifike maabara, na jibu limrudie mwenyewe. Akafikiri kidogo, akasema, "Hilo la kumrudia mwenyewe ndilo gumu."

Pemba inaijua vizuri kazi hii ya kuchukua damu. Pale Wawi, kando ya Chake Chake, ipo Maabara ya Afya ya Jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Ilifunguliwa mwaka 2000, na kichocho na minyoo ya kisiwa hiki vimechunguzwa humo kwa miaka mingi. Zanzibar ilipoanza kugawa dawa za matende na busha kwa wananchi wote mwaka 2001, damu ya kupima ugonjwa huo ililazimika kuchukuliwa usiku. Watoto wa mnyoo wa matende hujificha kwenye mapafu mchana, wakatoka kwenye damu ya juu usiku mkuu, takriban saa nne hadi saa nane. Hebu fikiria sasa: katika nchi iliyolelewa na hadithi za mumiani, mtu anabisha hodi saa tano za usiku na kuomba damu. Aliyefunguliwa mlango hakufunguliwa kwa sababu ya cheo chake. Alifunguliwa kwa sababu alikuja na sheha, akasalimu, akaeleza, na akarudi baadaye na jibu.

Dau likaja. Tulivuka na wanawake waliotoka kununua muhogo, na kijana aliyerudi kutoka dagoni, kambi ya wavuvi. Wakojani ni wavuvi wa kuhama. Hupiga kambi Tanga, Mombasa na mbali zaidi kusini, wakakaa miezi, wakarudi. Muuguzi aliniambia kwamba hali hiyo ndiyo inayomfanya awe mkali katika jambo ambalo wageni hulipita haraka, yaani majina. Kisiwa ni kidogo, koo zinaoana, na mtoto hupewa jina la babu au bibi yake. Ukiita Fatma Hamad kwenye benchi la wagonjwa, wataitika wawili na wa tatu yumo njiani. Mwanamume anayeondoka miezi sita huacha karatasi yenye jina ambalo binamu yake pia analo, na binamu huyo naye yuko nchi kavu na anaumwa.

Ndiyo maana kazi yote ya siku ile ilianza kwa swali, mikono ikiwa mitupu. Wa kwanza kukaa alikuwa bibi wa makamo ya mwisho, amejitanda kanga, kaja na mjukuu wake wa kike aliyevaa sare ya skuli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Niambie jina lako, la baba na la babu."

"Si umeniandika mwenyewe? Kila siku waniuliza!"

"Na leo nakuuliza tena, bibi. Mimi nakujua, lakini hii chupa haikujui."

Hakumwuliza, "Wewe ndiye fulani binti fulani?" Mtu mzima mwenye adabu zake, au asiyesikia vizuri, au mwenye homa, hujibu labeka kwa jina lolote analoitwa, kwa sababu kuitika ni heshima. Swali linalotaka mtu alitamke jina lake mwenyewe haliwezi kujibiwa kwa kuitika tu. Baada ya majina matatu, muuguzi akauliza mwaka wa kuzaliwa, akauliza mtaa, akalinganisha na fomu na namba ya kadi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemka kwa kikombe cha chai. Nimekaa kwenye mabenchi ya zahanati nyingi bara na visiwani, na sikumbuki kuona muda huo ukitolewa kwa moyo namna ile.

Kisha ndipo akaosha mikono kwa sabuni. Akatazama tarehe ya mwisho kwenye kila chupa, kwani chupa hizi zina ombwe ndani linalovuta damu kwa kiasi chake, na ombwe hilo hupungua chupa inapozeeka. Fomu ilidai vipimo vitatu: hali ya figo, wingi wa damu na sukari. Akapanga chupa tatu, yenye kifuniko chekundu, ya zambarau, na ya kijivu, kwa mpangilio huohuo, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimwuliza kama mpangilio una maana au ni mazoea tu. "Subiri tukifika maabara," akasema, "yule fundi atakueleza mpaka uchoke."

Bibi akanyoosha mkono juu ya mto. Mpira ukafungwa vidole vinne juu ya mahali pa kuchoma. "Kunja ngumi, bibi. Usifumbe ukafumbua, ikunje tu." Wengi huamrishwa kupampu kwa ngumi ili mshipa utokeze, nami nilidhani ni jambo jema. Kumbe misuli inayofanya kazi hivyo humwaga potasiamu kwenye damu, na kipimo kikaja kikubwa kuliko ukweli. Kwa bibi anayepimwa figo, hilo si jambo dogo.

Kwenye kunjo la kiwiko kuna mishipa mitatu inayotumika zaidi. Wa katikati ndio unaopendwa kwa kuwa umeshikika na nyama za pembeni, haukimbii. Wa upande wa ndani, ulio karibu na mbavu, huachwa mpaka mtu akose pengine, maana chini yake kuna ateri na neva. Muuguzi hakutazama sana. Alifumba macho nusu, akapapasa kwa kidole. Mshipa wa damu ukiubonyeza unazama, ukiuachia unapanda. Ateri inapiga. Kano ni ngumu na haisogei. Mishipa ya bibi ilikuwa myembamba na ya kuteleza, na hapo nikaona jambo lililonipendeza kuliko yote ya siku ile: alifungua mpira, akaacha. Hakupiga mkono makofi, hakujaribu bahati. Aliuning'iniza mkono chini ya kiti, akauzungushia kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu, wakaanza kuzungumza habari za bei ya dagaa. Baada ya dakika chache akafunga tena, na mshipa ulikuwepo.

Spiriti ya asilimia 70 ikapakwa kutoka katikati kwenda nje kwa nusu dakika, ikaachwa nusu dakika nyingine ikauke yenyewe. Hakuipuliza kwa mdomo, hakuipangusa, na baada ya hapo kidole chake hakikugusa tena pale. Spiriti mbichi huchoma, na ikiingia kwenye damu hupasua chembe zake. Halafu dole gumba likaivuta ngozi chini kidogo ya mshipa, sindano ikaingia kwa kulala, pembe isiyozidi nyuzi 30, tundu la ncha likitazama juu. Damu ilipoanza kuingia kwenye chupa ya kwanza akaulegeza mpira. Mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa mwaka 2010 unasema mpira usifike dakika mbili mkononi, lakini yeye hujiwekea dakika moja, kwa sababu damu iliyozuiwa hukolea na vipimo kadhaa hupotoka. Chupa ikitoka, aliipindua taratibu juu chini, juu chini, mara nane au kumi, ichanganyike na dawa iliyomo. Hakuitikisa.

Pamba kavu, sindano nje, na papo hapo ndani ya kisanduku cha njano kilichokuwa kimewekwa kwenye urefu wa mkono wake. Hakuirudishia kifuniko chake. "Bonyeza mwenyewe bibi, mkono ukiwa umenyooka. Usiukunje." Mkono ukikunjwa, damu huvujia chini ya ngozi na kuacha baka jeusi.

Chupa zilikuwa bado tupu za maandishi. Muuguzi huyu haandiki jina kabla ya kuchukua damu, kwani chupa iliyoandikwa ikaachwa mezani inaweza kuokotwa kwa mgonjwa mwingine. Aliandika hapo hapo, bibi akiwa hajanyanyuka: majina matatu, namba, tarehe, saa, na herufi za jina lake mwenyewe. Bibi anasoma Kurani tangu utotoni, lakini herufi za skuli hazijui. Kwa hiyo muuguzi akampa chupa mjukuu. "Msomee bibi yako." Mtoto akasoma kwa sauti ya darasani, jina la kwanza, la pili, na alipofika la tatu bibi akainua kichwa.

"Si Faki. Fakih."

Kwenye fomu kuliandikwa Faki. Kwenye kadi, Fakih. Yote mawili ni majina ya Pemba, na yote mawili yapo Kojani. Muuguzi akafungua daftari kubwa, akaingiza kidole kwenye safu, akatafuta mpaka akapata, akasahihisha fomu, akasahihisha chupa zote tatu, akatia saini kando ya kila sahihisho. Foleni ilinung'unika kidogo. Mimi nilijiwa na hamu ya kumkumbatia yule mtoto.

Aliyefuata ni yule kijana wa dagoni tuliyevuka naye. Mikono yake ilijaa mishipa minene ya kuvuta jarife, mtu angeichoma akiwa amefumba macho. Aliulizwa kama amewahi kuzimia akitolewa damu, akacheka, akasema yeye ameshinda na papa. Chupa ya pili haijajaa, midomo yake ikageuka rangi ya majivu, jasho likamtoka. Mpira ukafunguliwa, sindano ikatoka, akalazwa mkekani na miguu ikainuliwa kabla hajaanguka. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba vijana wenye nguvu humzimikia mara nyingi kuliko wazee, na ndiyo sababu hamchukui mtu yeyote damu akiwa amesimama, hata akiwa na haraka ya kuwahi ngalawa.

Mzee mmoja, msomi wa madrasa kwa namna alivyozungumza, alitaka kujua: mwezi mtukufu ukiingia wiki chache zijazo, damu ya mchana itamharibia saumu? Muuguzi alimjibu kwa adabu kuwa hilo ni la maalim, yeye si mtu wa kutoa fatwa. Mzee mwenyewe akaendelea kujijibu. Kuumikwa chuku kuna ikhtilafu. Wafuasi wa Imamu Hanbal wanasema kunafunguza, lakini madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa pwani tunayafuata, hayaoni hivyo. Basi ikiwa pembe ya chuku haifunguzi, chupa ndogo hii itafunguza vipi? Wakacheka wote. Kisha mazungumzo yakageukia chuku yenyewe, na muuguzi akazungumza kwa uzito. Hapingi chuku. Anachopinga ni wembe mmoja kupita migongo mingi. Virusi vya homa ya ini aina ya B hukaa hai kwenye damu iliyokauka siku 7 na zaidi, na wembe uliofutwa kwa kitambaa unaonekana safi.

Saa za kazi pale hazipangwi na ukuta. Maji yakipwa, dau hukwama kwenye matope, na damu haingoji. Damu ya chupa nyekundu huachwa igande kama nusu saa, na maji yake ya njano yanatakiwa yatenganishwe na bonge ndani ya saa 2, ilhali mashine ya kuizungusha iko ng'ambo. Sukari nayo huliwa na chembe hai za damu humo humo chupani, asilimia 5 hadi 7 kwa saa, isipokuwa kwenye chupa ya kijivu yenye floridi inayozizuia. Mgonjwa wa kisukari ambaye damu yake imesahaulika kwenye chupa isiyofaa mpaka maji yajae anaweza kuambiwa kuwa sukari yake imetulia. Kwa hiyo muuguzi husoma kupwa na kujaa kama nahodha, na siku ile alifunga kazi huku watu wawili bado wakiwa kwenye benchi. Aliwaandikia warudi kesho yake asubuhi wakiwa hawajala. Hawakufurahi, na aliwaomba radhi kila mmoja kwa jina.

Kwenye dau ndiko alikonisimulia habari yake. Miaka ya nyuma, kwenye kituo kingine ambacho hakukitaja, alikuwa akirudisha kifuniko kwenye sindano iliyotumika, kama walivyofanya wote, na ikamchoma kidole. Aliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hakukamua, akaripoti. Alikuwa anazijua tarakimu na hazikumsaidia kulala. Sindano yenye damu ya mtu mwenye Virusi vya Ukimwi huambukiza takriban watu 3 katika 1,000 wanaochomwa. Ya homa ya ini aina ya C kama 18 katika 1,000. Na ya aina ya B, kwa asiyechanjwa, inaweza kufika 300 katika 1,000. Dawa za kinga dhidi ya Ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Alizimeza zote, akapimwa mpaka mwisho, akatoka salama. Chanjo ya homa ya ini, dozi tatu, alikuwa ameshaipata. "Tangu hapo," akasema akikigusa kisanduku cha njano magotini pake, "hiki kikifika robo tatu nakifunga. Hakijai mbele yangu." Nilifikiri juu ya wahudumu wa usafi wanaobeba mifuko ya taka za hospitali, ambao hawakumwona mgonjwa wala hawakushika mshipa, na ambao sindano iliyotupwa ovyo huwangoja wao.

Maabarani, fundi alilipokea boksi kwa kusoma kabla ya kugusa. Fomu kwa fomu, chupa kwa chupa. Alilipenda sana sahihisho la Fakih, akaliwekea alama. Aliinua chupa ya zambarau kwenye mwanga kutafuta vibonge, akaizungusha ile nyekundu kwenye mashine, akanionyesha maji yaliyojitenga juu: manjano hafifu, safi. Yangekuwa ya waridi, ingekuwa ishara kwamba chembe zimepasuka, kwa sindano nyembamba mno, kwa bomba lililovutwa kwa nguvu, au kwa kutikiswa, na potasiamu iliyokuwa ndani yake imemwagika. Kisha akanipa somo nililoahidiwa. Dawa ya kuzuia damu kuganda iliyomo kwenye chupa ya zambarau ni chumvi yenye potasiamu, na hukamata kalsiamu. Tone lake likipenya kwenye chupa nyekundu kwa sababu zambarau ilitangulia, au kwa sababu mtu aliyeona nyekundu haijajaa alimiminia kutoka zambarau, mashine itatoa potasiamu ya kutisha na kalsiamu ambayo mtu hai hawezi kuwa nayo. Fundi mzoefu huligundua hilo na kuitupa sampuli. Akiwa amechoka, jibu hupita, na daktari huanza kuutibu moyo usio na kosa.

Tukiwa bado tunazungumza, dereva wa bodaboda alileta mfuko kutoka kituo kingine cha kisiwani. Ndani yake mlikuwa na chupa moja nyekundu yenye majina mawili, bila namba, bila saa. Fomu ilikuwa na majina matatu. Fundi akafungua kompyuta, akatafuta majina yale mawili, wakatokea wagonjwa wawili wenye umri unaokaribiana, wote wawili wa kijiji kimoja. Akaiweka chupa pembeni.

"Mgonjwa ni mtu mzima, fundi," dereva alisema. "Mshipa wamemtafuta sana. Utawarudisha wamchome tena?"

"Nitawarudisha, kaka."

"Si unaona ni yeye? Kijiji kinafanana."

Fundi hakupandisha sauti. Alimgeuzia kompyuta, akamwonyesha kwa kidole mgonjwa wa pili: naye wa kijiji hicho, anatumia dawa za kisukari, ana miadi wiki hii. Dereva akasoma, akavuta pumzi, akakaa kwenye benchi. Fundi akapiga simu kituoni, akazungumza na aliyechukua damu kwa upole ambao sikuutarajia, akaandika kwenye fomu sababu ya kuikataa sampuli na saa aliyoikataa. Wakakubaliana mgonjwa aende asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, na achukuliwe mkono wa pili. Akampa dereva chupa mpya, nyekundu mbili na ya kijivu moja, baada ya kuzitazama tarehe.